Gari la mkononi la kupiga safari ndefu: namna ya kulichagua kwa bajeti ya kati

Mimi huuza dawa za mifugo kwa jumla. Kituo changu ni Morogoro, wateja wametawanyika kuanzia Dumila, Gairo na Kibaigwa hadi Dodoma mjini, na mara mbili kwa mwezi nashuka Dar kuchukua mzigo. Kwa mwaka gari langu linatembea kilomita kama 35,000.

Gari la kwanza la kazi hii nililinunua kama wengi wanavyonunua. Niliangalia rangi, namba na kilomita za kwenye dashibodi, nikapatana bei, nikalipa. Dashibodi ilisema 68,000. Mwezi wa tatu fundi alifungua mfuniko wa plastiki pembeni mwa injini akakuta stika ndogo ya Kijapani, imefifia kwa joto. Maandishi hatukuyaelewa, ila tarakimu hazihitaji mkalimani: mkanda wa taimingi ulibadilishwa gari likiwa na kilomita 102,431. Nilimpigia aliyeniuzia. Iliita mpaka ikakata.

Tangu hapo nimenunua mengine mawili na kuwasaidia jamaa kadhaa kununua ya kwao. Utaratibu ninaoufuata ndio huu. Ni wa mtu anayelala na lami. Kama gari lako ni la kwenda kazini na kurudi, mengine hapa yatakuwa makali kupita haja yako.

1. Anza na kilomita zako

Kabla hujaangalia gari lolote, kaa na daftari uandike njia zako za mwezi mzima. Morogoro hadi Dodoma ni kama kilomita 260, kwenda na kurudi 520. Morogoro hadi Dar ni kama 190. Jumlisha, zidisha kwa 12.

Sasa piga hesabu ya mafuta. Kwa kilomita 35,000, gari linalokwenda kilomita 15 kwa lita litakunywa lita 2,333 hivi. La kilomita 10 kwa lita litakunywa 3,500. Tofauti ni lita 1,167. Ukikadiria lita moja kwa shilingi 3,000, hiyo ni milioni tatu na nusu kila mwaka, kwa sababu tu ulipenda gari lenye kifua kipana. Kwa mtu wa kilomita 6,000 kwa mwaka tofauti hiyo ni laki sita, anaweza kuvumilia. Wewe huwezi.

Ongeza sevisi. Kila kilomita 5,000 ni oili na filta, kwa hiyo ni mara saba kwa mwaka. Tairi za kawaida zikikupa kilomita 40,000 hadi 50,000 shukuru, maana yake karibu kila mwaka unanunua seti. Gari la rimu ya inchi 14 au 15 na gari la inchi 18 haviko kwenye mfuko mmoja. Uliza bei ya tairi nne za saizi ya gari unalolitaka kabla hujaliuliza bei gari lenyewe.

2. Usinunue gari kwa pesa yote uliyonayo

Tuseme una milioni 15. Tafuta gari la milioni 12 na nusu. Linalobaki si akiba ya arusi, ni sehemu ya bei ya gari. Siku ya kwanza utabadilisha oili ya injini na filta, oili ya giaboksi, kulanti (maji ya kupozea injini), plagi, filta ya hewa, pengine brekipedi na betri, na huenda tairi mbili. Kuna bima, kuna gharama za kubadilisha umiliki. Anayetumia milioni 15 zote kununua gari la milioni 15 huishia kusafiri na oili ya mtu mwingine, na hajui ina umri gani.

3. Chagua injini na giaboksi kabla ya bodi

Swali langu huwa moja: gari hili likizima Gairo saa kumi na moja jioni, fundi wa pale atalitazama kama rafiki au kama mgeni? Likiwa rafiki, spea ipo dukani ng'ambo ya barabara. Likiwa mgeni, utalala Gairo na spea itakuja na basi la kesho.

Ndiyo maana kwa bajeti ya kati mimi hurudi kwenye Toyota za injini ya 1NZ, ya cc 1,500. Utaikuta kwenye Probox, Fielder, baadhi ya Premio na Allion, na IST zile za 1.5. Inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, haina makuu, na mafundi wetu wameifungua na kuifunga mpaka wanaijua kwa mikono. Probox nayo watu huicheka kwa sura yake ya sanduku, lakini waulize wanaosafirisha miraa kutoka Meru kwenda Nairobi wanaendesha nini.

Jifunze kusoma namba ya chesesi, kwa sababu muuzaji atakwambia "Premio" kana kwamba Premio zote ni ndugu wa tumbo moja. Kwenye Premio za zamani kidogo, NZT240 ina 1NZ ya 1.5. ZZT240 ina 1ZZ ya 1.8, ambayo hasa zile za miaka ya mwanzo ya 2000 zinajulikana kwa kula oili. AZT240 ina 1AZ-FSE ya lita mbili, ile watu wanayoiita D4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Ikiwa nzima ni tamu, ila haitaki petroli chafu, na ikisumbua si kila fundi anaiweza. Magari matatu yanayofanana kwa nje, na tabia tatu. Herufi mbili za mwanzo zinakupa jibu kabla hujafungua boneti.

Giaboksi nayo ina mambo yake. Premio na Fielder za kizazi kilichofuata, NZT260 na NZE141, nyingi zina CVT, yaani giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua. CVT si ugonjwa. Kinachoiua ni kuwekewa oili ya giaboksi ya kawaida na mtu asiyejua, au kutobadilishiwa kabisa. Kwenye lami inapunguza ulaji wa mafuta. Lakini kama muuzaji hana kumbukumbu yoyote ya oili yake, na bajeti yako haina nafasi ya giaboksi nyingine, chukua la giaboksi ya kawaida ya gia nne, au la manyuo (gia za mkono) kama miguu yako bado inakubali.

Dizeli? Nimeifikiria sana. Kwa bajeti hii, dizeli utakayoipata ni ya zamani, na nozeli au pampu ikiharibika inameza ulichookoa kwenye mafuta kwa mwaka mzima. Haibridi, la petroli na umeme, inang'aa mjini kwenye foleni, ambako breki zinachaji betri. Kwenye mwendo mmoja wa saa tatu faida yake inapungua, na betri ya gari lililotumika ni bahati nasibu. Gesi ni nzuri kwa anayezunguka Dar, ila vituo vingi viko huko na mtungi unakula buti. Mimi buti nalihitaji.

4. La mkononi au la kuagiza?

Ukiagiza Japani, bei ya kwenye tovuti ni mwanzo tu wa hesabu. Juu ya thamani ya gari pamoja na usafiri inakuja ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini (asilimia 5 kwa cc 1,001 hadi 2,000, asilimia 10 kwa zaidi ya hapo), VAT ya asilimia 18 na tozo nyingine. Gari likiwa na umri wa miaka 8 na kuendelea kuna ushuru wa uchakavu, na likizidi miaka 10 unapanda. Tena TRA wana thamani yao ya kila gari, hawafuati risiti yako. Ingia kwenye kikokotoo chao, weka mwaka na modeli, uone mwenyewe. Wenzetu wa Kenya hawana hata mjadala huo: lililozidi miaka 8 haliingii.

Faida ya kuagiza ni karatasi ya ukaguzi ya mnada wa Japani. Omba nakala ya ile yenye mchoro wa gari. Daraja la 4 au 4.5 ni zuri, 3.5 linavumilika kama unajua sababu, R au RA ni gari lililogongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro, A ni mchubuko, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Kilomita zimeandikwa pale. Asiye tayari kukupa karatasi hiyo, mwache na gari lake.

Kwa bajeti ya kati, mara nyingi la mkononi kwa mtu anayejulikana linanipa gari bora kwa pesa ileile. Ila msamiati wa madalali uuweke pembeni. "Namba E" inakuambia gari limesajiliwa lini hapa nchini, haikuambii limetengenezwa lini. Gari la 2005 lililoingia juzi lina namba mpya na mifupa ya zamani, na utalipishwa kwa ajili ya herufi.

5. Usiulize kilomita ngapi, uliza za wapi

Kilomita 200,000 za barabara kuu kwa wastani wa 60 kwa saa ni masaa 3,300 hivi ya injini kufanya kazi. Kilomita 100,000 za foleni ya Mbagala kwa wastani wa 20 kwa saa ni masaa 5,000. Injini ya pili imezeeka zaidi, tena imewashwa na kuzimwa ikiwa baridi mara nyingi kuliko ile ya kwanza. Kwa hiyo gari la 180,000 lenye daftari la sevisi lililojaa mihuri silikimbii. Ninalolikimbia ni la 2006 lenye kilomita 71,000 na maelezo kwamba "lilikuwa la mama mmoja".

Waulize mashahidi wasiojua kusema uongo. Raba ya pedali ya breki: ikiwa imelika upande mmoja hadi chuma kinachungulia, gari hilo halina kilomita 70,000. Usukani uliolainika kama sabuni saa tatu na saa tisa, na ukingo wa kiti cha dereva ulioporomoka upande wa mlango, ni mashahidi wengine. Pedali mpya kwenye gari kuukuu ni jibu pia. Kisha fungua kiboksi cha dashibodi mbele ya abiria. Magari ya Japani hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3 ya kwanza, halafu kila miaka 2, na mara nyingi kitabu cha matengenezo huachwa humo. Huhitaji kujua Kijapani, tafuta tarakimu zinazopanda ukurasa kwa ukurasa. Na stika za kwenye injini na kwenye fremu ya mlango wa dereva zisome zote. Mimi siku hizi huwa na tochi kwa kazi hiyo tu.

Kwa ajali, vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, chini yake kuna lebo yenye tarehe ya kutengenezwa. Ikipishana sana na mwaka wa gari, kuna kilichotokea. Linganisha mihuri ya kwenye vioo vyote. Angalia vichwa vya bolti za boneti na mabawa: rangi ikiwa imechunika, kuna spana iliyopita hapo.

6. Nenda asubuhi, kabla halijawashwa

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko mahali pengine pote. Mpigie muuzaji jana yake: "Kaka, nakuja saa kumi na mbili na nusu, naomba usiliwashe." Ukifika shika boneti kwa kiganja. Likiwa la moto, mtu ameshalizungusha kuficha kitu. Ahirisha, rudi siku nyingine.

Likiwa la baridi, fungua mfuniko wa rejeta. Maji yawe na rangi ya kulanti, safi. Maji ya kutu yanakuambia mwenyewe alikuwa mtu wa bomba, na mafuta yanayoelea juu ni kwaheri, nenda nyumbani. Fungua mfuniko wa oili, ugeuze. Ukikuta ute mzito wa rangi ya chai ya maziwa, maji yanaingia kwenye oili. Ukikuta tope jeusi lililoganda, oili haikuwa ikibadilishwa. Chomoa dipstiki, pangusa kwa karatasi nyeupe, chomeka, chomoa tena. Oili nyeusi si tatizo. Oili iliyopungua hadi chini ya alama ni swali, na oili mpya inayong'aa siku ya kuuza ni swali pia.

Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini, ya ABS na ya mifuko ya hewa lazima ziwake kwanza, halafu zizime. Ambayo haikuwaka kabisa imechomolewa, na haichomolewi bila sababu.

Sasa mwombe mwenzako asimame nyuma, wewe washa. Sikiliza sekunde tatu za kwanza. Cheni iliyolegea inagonga kwa ukali kabla oili haijapanda. Moshi wa bluu ukitoka kwa mkupuo ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikishapata moto, wenye harufu tamu, ni kulanti. Mvuke mwepesi wa asubuhi ni wa kawaida, usimwonee mtu.

7. Kilomita tano hazitoshi

Muuzaji atataka mzunguke mtaa mmoja mrudi. Mwambie utaweka mafuta wewe, mwende kilomita 40. Gari la safari lijaribiwe kwa safari.

Kabla ya kuondoka, kanyaga breki, toa P weka R, kisha D. Gia iingie ndani ya sekunde moja hivi bila kishindo. Ikichelewa au ikipiga, giaboksi au mauntini zina tatizo. Kwa CVT, ondoka taratibu sana: ikitetemeka kama inasitasita kwenye mwendo mdogo, au ikilia mluzi unaopanda na mwendo, ishia hapo.

Ukifika panaporuhusu, shika 80, kisha 100. Usukani ukitetemeka huenda ni balansi ya tairi au rimu iliyopinda, hilo ni dogo. Ukitetemeka unapofunga breki, diski zimepinda. Tafuta mlima, hata mdogo, upande na kiyoyozi kikiwa kimewashwa huku jicho likiwa kwenye mshale wa joto. Mshale ukifika katikati ukatulia, vizuri. Ukianza kusogea, fikiria gari hilo kwenye mlima wa Kitonga likiwa na mzigo na watu watano.

Ukirudi, usizime. Liache lingurume dakika 15 na kiyoyozi kikiwaka, usikie feni ikiingia na kutoka. Zima, subiri dakika tano, washa tena. Magari yanayogoma kuwaka yakiwa ya moto huwa hayagomi mbele ya mnunuzi asiye na subira.

Ndipo umpelekee fundi wako, unayemlipa wewe, asiyemjua dalali. Apandishe gari, aangalie bushi, boljointi, shokapu na uvujaji, kisha achomeke mashine ya kupima. Ujanja wa mjini ni kufuta makosa asubuhi ile. Mwambie aangalie kama vipimo vya ndani vya mfumo vimekamilika. Vikiwa bado vyote, kumbukumbu imefutwa karibuni. Mwisho soma tarakimu nne za umri wa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama kashata (meno ya tairi) zimejaa.

8. Karatasi

Linganisha namba ya chesesi na ya injini na zilizo kwenye kadi, kwa macho yako, si kwa picha ya WhatsApp. Jina la kwenye kadi liwe la mtu aliye mbele yako, na kitambulisho chake ukione. Akisema kadi iko benki, gari si lake bado. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa faini. Gari la safari ndefu hupigwa tochi ya mwendo sana, na deni hilo lisipolipwa na yeye litalipwa na wewe. Mkataba uandikwe kwa wakili, pesa ipite benki, na umiliki ubadilishwe TRA wiki ileile. Nimeona watu wanatembea na kadi ya marehemu miaka minne.

Kuhusu bei, kila kosa fundi aliloliona liwe na gharama yake kwenye karatasi, umpe muuzaji aisome. "Bosi, punguza" haimsogezi mtu. Shokapu mbili na diski mbili kwa bei ya duka zinamsogeza.

9. Kilomita elfu za kwanza

Badilisha oili na filta siku unayolichukua, jaza hadi alama ya juu, andika kilomita kwenye daftari. Usilipeleke Dodoma wiki hiyo. Lizungushe karibu na nyumbani, na kila unapojaza mafuta pima oili gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa dakika kumi. Piga pia hesabu ya kilomita kwa lita, kutoka tangi kujaa hadi kujaa tena.

Langu la sasa ni Fielder. Nilipolinunua lilikuwa na 164,000, na daftari la mwenyewe wa kwanza, mwalimu, lenye kila risiti. Baada ya kilomita elfu dipstiki ilikuwa imeshuka unene wa kucha. Oili ingeshuka hadi katikati ya alama mbili, ningelipima tena elfu nyingine nikiwa na lita ya oili kwenye buti, kisha niamue kulitunza hivyohivyo au kuliuza likiwa bado linaenda. Lita nzima kwa kilomita elfu ningelirudisha kwa fundi siku hiyohiyo, na ile milioni mbili na nusu iliyobaki ndiyo ingeanza kazi.